Chupa ya Chai ya Baba Protokoli

Sikuwahi kumwona akitafuna. Nilimwona akiimba, nilimwona akikemea watoto, nilimwona akisinzia katikati ya mahubiri huku amesimama wima, jambo ambalo sijaona mtu mwingine akiliweza. Nilimwona akilia mara moja. Lakini kutafuna, hapana. Nilikutana naye karibu kila Jumapili kwa miaka, na kila Jumapili palikuwa na chakula, na bado sijui meno yake yalivyofanya kazi.

Kanisani tulimwita Baba Protokoli. Kwetu Wakongo, protokoli ni wale wanaosimama mlangoni, wanaopokea watu na kuwaonyesha pa kukaa. Jina lake la kweli lilijulikana na wachache, na sitaliandika. Alikozaliwa sijui. Wengine walisema Uvira, wengine Fizi. Yeye mwenyewe alisema "kando ya ziwa," na ziwa lina kando nyingi.

Kanisa letu halina jengo. Tunakodi ukumbi wa kanisa la Waswidi huko Norsborg, pembezoni mwa Stockholm, mwisho kabisa wa njia nyekundu ya treni. Asubuhi wanasali wao, mchana tunaingia sisi, na ukumbi bado unanukia kahawa yao. Baba Protokoli alifika kabla ya wote. Alivaa suti ya kijivu na glavu nyeupe za kitambaa, ambazo alizifua mwenyewe na kuzipiga pasi. Alipokupa mkono, ulishika kitambaa. Shangazi yangu hakupenda hilo. "Mtu anayeficha vidole anaficha na kingine," alisema.

Siku ya kwanza nilikuja na huyo shangazi kutoka Märsta, ambako tunaishi mpaka leo. Nilikuwa mtoto asiyesema. Baba Protokoli alimsalimia shangazi, kisha akaniangalia mimi: viatu kwanza, halafu mikono, halafu uso.

"Weye ni wa nani?"

"Ni mtoto wa kaka yangu," shangazi akajibu.

"Sikukuuliza weye, mama."

Akangoja. Watu walijaa nyuma yetu na baridi ikaingia mlangoni, lakini alingoja.

"Wa shangazi," nikasema.

"Aa. Basi iko na mwenyewe."

Akanipeleka katikati ya ukumbi, akaniweka kati ya kina mama wawili wanene ambao sikuwajua. Shangazi alimweka safu nyingine. Baadaye niligundua kwamba kila mgeni alimfanyia hivyo hivyo, hata wazee. Siku moja nikamsikia akimfundisha kijana mpya wa protokoli: "Mugeni hakaake karibu na mlango. Wa karibu na mlango iko na njia." Sikuelewa kama alihofia mgeni ataondoka na kitu chetu, au alihofia tu kwamba ataondoka. Nimelifikiria sana na bado sijui.

Alijua nani alikuja na nani, nani alikuja peke yake, nani alibadili safu. Ibada ikiisha alitusindikiza mpaka stesheni, akasimama jukwaani akiangalia ndani ya behewa mpaka milango ifungwe. Hata theluji ikianguka alisimama. Mama mmoja mwenye watoto wadogo alisema, "Ni baba, anahakikisha tumefika." Shangazi alisema, "Anahesabu nani anapanda na nani." Mimi nilimwangalia kupitia kioo, glavu zake nyeupe zikiwa zimeshikana mbele ya koti, na niliona kwamba wote wawili wangeweza kuwa wamesema kweli.

Sasa nieleze habari ya chakula, maana ndiyo iliyoharibu yote.

Mchungaji wetu alipenda kusema kwamba ibada isiyo na sufuria ni mkutano. Alituambia kwamba huku ugenini hatuna ukoo, hatuna majirani wa kutuzika, kwa hiyo Mungu ametupa familia nyingine, na familia hujulikana kwa kula pamoja. Basi baada ya maombi ya mwisho viti vilisogezwa, kina mama wakafungua sufuria zao: fufu, sombe ya majani ya muhogo, maharage, wali, samaki wadogo waliokaangwa. Nilipokua kidogo niliwekwa katika huduma ya jikoni, na kazi yangu ilikuwa kupelekea wazee sahani. Sahani ya Baba Protokoli niliibeba mimi.

Aliipokea kwa mikono miwili. Alisema, "Asanti, mutoto." Aliiombea sala ndefu kuliko ya mtu yeyote. Kisha aliiweka juu ya kiti cha pembeni, akatoa ndani ya koti chupa ya chai, nyekundu, rangi imechubuka, akamimina kwenye kifuniko na kunywa polepole akituangalia tunavyokula. Mwisho aliifunika sahani kwa karatasi ya bati na kusema atakula nyumbani.

"Siko na njaa sasa," alisema. Kila Jumapili hakuwa na njaa.

Kwetu mashariki mwa Kongo, mtu akikukaribisha soda anaifungua mbele ya macho yako. Akikupa kinywaji kingine anaonja kwanza, anasema, "Nimeonja," ndipo unapokea. Hakuna anayekasirika, ni adabu. Watu wanaogopa sumu, na kila ukoo una kifo kimoja ambacho haukukikubali. Tulipofika Sweden wengi waliacha hayo, au walisema wameacha. Mimi niliyekuwa jikoni niliwaona. Mama anayesema ameacha, utamwona anashika kijiko na kungoja mwenzake achovye kwanza.

Lakini tofauti ni kwamba wao walikula. Yeye hakula hata tukionja mbele yake. Siku moja mchungaji mwenyewe alichukua kijiko kwenye sahani ya Baba Protokoli, akala, akasema kwa kicheko, "Haya, mzee, nimeonja." Watu wakacheka. Baba Protokoli naye akacheka, akainua kifuniko chake cha chai kama anayemtakia mchungaji afya, akanywa chai.

Shangazi ndiye aliyeleta habari kwamba sahani haifiki nyumbani. Aliiona, alisema, kwenye pipa la taka la stesheni, na karatasi yake ya bati. Sikumwamini, halafu Jumapili iliyofuata nikaangalia ndani ya lile pipa, nikaona maharage niliyoyapakua kwa mkono wangu.

Kuanzia hapo nilianza kumchunguza, na mtu ukimchunguza huwezi tena kuacha. Nilimchunguza hata kwenye Meza ya Bwana. Kanisani kwetu divai ni maji ya zabibu katika vikombe vidogo vya plastiki, na Baba Protokoli ndiye aliyebeba sinia. Alipita safu kwa safu, akarudi mbele, akachukua kikombe cha mwisho. Miaka yote nilidhani ni unyenyekevu. Sasa niliona kwamba anayekunywa wa mwisho ameshawaona wengine wote wakinywa na kubaki wazima.

Neno "ndugu" hakulitumia. Alituita mama, baba, mutoto, hata "bwana" kama yuko ofisini. Mchungaji alipotuambia, "Mgeukie jirani yako, mwambie wewe ni ndugu yangu," ukumbi wote uligeuka na kushikana mikono, na yeye alikwenda kukagua mlango kama umefungwa vizuri. Nilimsikia mara moja akisema na kijana wake wa protokoli. "Usiogopake mutu mwenye kukuchukia," alisema. "Huyo hakupikiake. Na mugeni? Mugeni atakupa sumu saa gani? Hajui hata mlango wa jikoni."

"Sasa tumwogope nani, Baba?" kijana akauliza.

"Funga zipu ya koti, inafika saa ya kwenda."

Ajabu yake ni kwamba mtu huyu asiyepokea chakula alikuwa anatulisha. Alikuwa na kipande cha bustani cha kukodi, na humo aliotesha lengalenga, ule mchicha wa kwetu, maharage na mahindi mafupi ambayo mara nyingi baridi iliyawahi. Kiangazi kizima alifika na mifuko ya lengalenga, imekatwa asubuhi, ina umande, akaipanga juu ya meza ya mlangoni. Kila mama mfuko wake. Hakuuza. Tulikula mboga zake bila kuonja na bila kuonjewa, na sikumbuki mtu hata mmoja aliyeona ajabu. Shangazi alisema hakuna lengalenga tamu kama zile hapa Stockholm. Alizichambua mbele ya televisheni huku akimsema aliyezilima.

Ile mara moja niliyomwona akilia, mtoto mchanga alikuwa anabarikiwa na kuwekwa mikononi mwa Bwana. Mchungaji alitafuta chupa ya mafuta mfukoni, akampa Baba Protokoli mtoto amshikie. Mtoto akalala pale pale, shavu juu ya glavu. Baba Protokoli hakusogea, machozi yalimshuka mpaka kwenye kola na hakuweza kuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Mama wa mtoto alipomchukua, alimwangalia mwanawe usoni, akamgeuza, akamwangalia tena. Hata yeye alimhofia.

Halafu ikaja Pasaka.

Tulikuwa wengi, wageni walikuja hata kutoka Uppsala. Tulikula vizuri, tukacheza, tukarudi makwetu. Usiku huo huo matumbo yakaanza kuuma. Mimi nilitapika mpaka nikashindwa kusimama. Shangazi alichukuliwa na gari la wagonjwa, akatundikiwa maji. Asubuhi simu zililia nyumba kwa nyumba: na wewe? na wewe pia? Watoto, kwaya, mchungaji, hata wageni wa Uppsala. Ikabidi watu waanze kutafuta nani hakuumwa, na jibu lilikuwa fupi.

Kanisani kwetu kuna dada mmoja Mganda, ni muuguzi. Jumatano alikuja kutuona. Akauliza kila mtu alikula nini, kisha akasema, "Ni wali. Huo wali ulipikwa Jumamosi, ukalala kwenye sufuria jikoni, hakuna aliyeuweka kwenye friji. Hata kuupasha moto tena hakuusaidii."

"Wali," shangazi akamjibu kutoka kitandani. "Tumekula wali uliolala tangu tuzaliwe."

"Ndiyo. Na mliumwa, mkasema ni jirani."

"Kwa nini yeye hakuumwa?"

"Mama, kwa sababu hakula."

"Ndicho ninachosema mimi," shangazi akasema, na akageukia ukutani.

Dada muuguzi alieleza vilevile kwa wazee, na kwa mchungaji. Walimsikiliza kwa heshima. Lakini wali hauna uso. Huwezi kukumbuka jinsi wali ulivyokuangalia juu ya kifuniko cha chai.

Jumapili iliyofuata wazee na mchungaji walimwita Baba Protokoli kwenye chumba cha nyuma kabla ya ibada. Mlango haukufungwa vizuri na mimi nilikuwa jikoni upande wa pili, nikiosha vikombe vya Meza ya Bwana. Walimwuliza kwa upole. Baba, kwa nini hukula siku ile?

"Sikula ile siku. Sikula na siku ya mbele yake. Munaniona miaka yote."

Basi kwa nini miaka yote?

Akasema, "Ningekuwa mulozi, wazee, ningekula pamoja nanyi, nipate kuumwa kidogo, hamungenijua. Mulozi hakaake na njaa mbele ya watu."

Mmoja alicheka akajizuia. Mchungaji alisema hakuna aliyetaja neno hilo la uchawi. Baba Protokoli akasema, "Ni kweli. Ni mimi nimelitaja." Wakatoka.

Meza ya Bwana ilipofika, sinia hakupewa yeye. Mzee mwingine alilichukua. Baba Protokoli alikuwa amesimama pale pale mlangoni, na yule mzee, badala ya kuanza na safu ya mbele, alipita katikati yote ya ukumbi, akaenda moja kwa moja kwake. Hakuna aliyetangaza kitu. Kwaya ilikuwa inaimba, ikafifia yenyewe. Mchungaji aliangalia Biblia yake.

Mimi nilikuwa na shangazi, safu ya kwanza kutoka nyuma. Nilimwona vizuri. Alikiangalia kikombe. Alituangalia sisi, safu baada ya safu, kama anavyotafuta nafasi ya mgeni. Nilitaka akatae ili jambo liishe, na nilitaka anywe ili jambo liishe. Akavua glavu ya mkono wa kulia. Vidole vyake vilikuwa vya kawaida, vya mtu anayelima. Akachukua kikombe, akanywa, akakipindua kuonyesha kwamba kimekwisha.

"Kunyweni," akasema. "Nimeonja."

Akavua na ile glavu nyingine, akaziweka zote mbili juu ya sinia kati ya vikombe, akafungua mlango akaenda.

Tulikunywa. Nasema kweli, tulikunywa, lakini sinia lilizunguka polepole sana.

Alirudi mara moja tu, kiangazi hicho, na hakuingia. Tulipofika tulikuta mifuko ya lengalenga juu ya meza ya mlangoni, imepangwa kama zamani. Kila mama aliiona. Ibada ikaisha, tukala, ukumbi ukafagiliwa, na mifuko ilikuwa bado pale, majani yamelala. Nilinyoosha mkono nichukue mmoja. Shangazi akanishika kifundo. "Usilete hiyo nyumbani kwangu," alisema, kwa sauti ya chini, si ya ukali. Ilikuwa sauti ya mtu aliyelala hospitali na mpira mkononi. Nikaacha. Waswidi ndio walioitupa.

Baada ya hapo kanisa liliendelea. Protokoli ikapata vijana wenye tai zinazofanana. Wageni wanakaa wanapotaka, na wengi wanakaa karibu na mlango, na wengi hawarudi. Mchungaji bado anasema sisi ni familia, na mimi bado nabeba sahani. Lakini tangu Pasaka ile kila mama anakula zaidi katika sufuria aliyoileta mwenyewe. Hakuna aliyeagiza. Ukitupa macho ukumbini utaona: tumekaa pamoja, kila mtu anakula kwake.

Mwaka huu dada muuguzi alinivuta pembeni. Alisema Baba Protokoli alipigwa na kiharusi, kwamba yuko katika nyumba ya kutunzia wazee huko Fisksätra, kwamba hakuna mtu anayekwenda kumwona. "Mimi nimekwambia wewe," alisema, "kwa sababu wewe ndiye uliyempelekea sahani."

Nilimwambia shangazi. Akaniambia, "Nenda, umsalimie. Ni mtu mzima. Lakini kitu chake usinywe."

Nilikwenda Jumapili, baada ya kazi ya asubuhi. Nitasema nilichokwenda kufanya: nilitaka kumwuliza kama siku ile alijua. Niliona kwamba nikipata jibu nitajua tulikuwa nini sisi kwake miaka ile yote, na yeye alikuwa nini kwetu. Ile treni ndogo ya Saltsjöbanan inapita kando ya maji, na njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya lile swali, kwa sababu mimi maneno hunikimbia.

Mhudumu, msichana wa rika langu, aliniuliza kwa Kiswidi kama mimi ni ndugu yake.

"Natoka kanisani kwake," nikasema.

"Hakuwahi kusema kama ana kanisa."

Alikuwa kitini karibu na dirisha, suti ile ile ya kijivu, upande wa kushoto wa uso umeshuka. Mkono wa kushoto ulilala juu ya paja kama kitu alichowekewa na mtu mwingine. Dirishani palikuwa na chungu cha mchaichai. Mezani palikuwa na chupa nyekundu iliyochubuka, na vikombe viwili.

Aliniangalia viatu, mikono, uso.

"Mutoto wa shangazi," akasema. Ulimi ulikuwa mzito, ilinibidi kusikiliza kwa makini. "Kaa. Apana pale. Kaa huku." Akanionyesha kiti cha mbali na mlango.

Chini ya shati lake lililofunguka kidogo niliona mpira mwembamba ukiingia tumboni. Kando yake ulining'inia mfuko wenye kitu cheupe kama uji. Aliona ninapoangalia.

"Koo limekufa nusu," akasema. "Hata maji nikimeza yanaenda kwenye mapafu. Wananitilia chakula humu. Sioni hata wametia nini." Nusu ya mdomo ikacheka. "Mimi."

"Huogopi, Baba?"

"Hawa? Niwaogope kwa nini? Hawaniitake ndugu."

Nikaona ndiyo nafasi, nikauliza kabla sijashindwa. "Baba. Siku ile ya Pasaka. Ulijua?"

Hakukasirika. "Nilijua," akasema. "Kila siku ya Mungu, kila Jumapili, nilijua. Kila sahani uliyoniletea, nilijua. Ile moja tu ndiyo ilitokea kweli."

Halafu akanieleza, kwa maneno machache yenye mapumziko marefu. Alikuwa na kaka, na kaka alialikwa kwa mtu, na yeye alikuwepo. Yule mtu alimimina, akaonja kwanza, akasema nimeonja, kunywa, ndugu. Kaka akanywa. Hakufika asubuhi. Kama ilikuwa sumu au ugonjwa, sijui, kwetu hakuna aliyempasua kuangalia. Yeye hakuwa na shaka.

"Alionja kwanza?" nikauliza.

"Mbele ya macho yangu."

Alisogeza chupa nyekundu kwa mkono wake mzima, akaibana kati ya magoti, akafungua kifuniko. Nilitaka kumsaidia, akatikisa kichwa. Alimimina kikombe kimoja bila kumwaga. Mvuke ukapanda. Alikisukuma mbele yangu juu ya meza.

"Natengeneza kila siku ya Mungu," akasema. "Muhudumu ananiletea maji ya moto, majani natia mimi."

"Kwa nani, Baba, na wewe hunywi?"

"Kwa wageni."

Kile kikombe cha pili kilikuwa kikavu, kina vumbi kidogo ndani.

Sikukigusa changu. Naandika ilivyokuwa. Akilini nilimwona shangazi kitandani, nilimwona yule kaka wa Baba Protokoli nisiyemjua akianguka kando ya ziwa, na mikono yangu ikabaki mapajani. Nilikuwa nangoja, na sikujua nangoja nini mpaka aliposema.

"Siwezi kukuonjea."

Hakusema kunywa, hakusema huniamini, hakuumia. Aligeuka kuangalia mchaichai wake ili nisione haya. Watu wote niliowahi kukataa chakula chao waliniuliza sababu. Katika Stockholm nzima alikuwepo mtu mmoja tu ambaye ningeweza kuacha chai yake ipoe mbele yake, nikaaga, nikaenda, naye akaona nimefanya sawa.

Nikachukua kikombe, nikanywa.

Aligeuka haraka kusikia kikombe kimeinuliwa. Aliniangalia koo, kama sisi tulivyomwangalia yeye, mpaka nikameza, na baada ya kumeza akaendelea kuangalia.

"Iko namna gani?" akauliza.

"Nzuri."

"Apana. Sema namna iko."

Mimi si mtu wa maneno. Lakini nikanywa tena, polepole, nikamwambia. Nikasema sukari imezidi. Nikasema mchaichai unakuja mwanzoni, puani, kabla ya ulimi. Kwamba kuna tangawizi kidogo, na inabaki nyuma, inachoma pale chini ya kidevu. Kwamba ni moto bado, inashuka, naisikia inafika kifuani.

Alikuwa amefumba macho. Mdomo ulifunguka kidogo upande ule mzima, na koo lake, lile walilosema limekufa nusu, likapanda na kushuka, kama la mtu anayemeza.